Sentensi Elfu Moja na Mia Mbili, na Kikohozi Kimoja

Machi 2, Jumamosi

Naanza daftari hili kwa kalamu, mimi ambaye kila Jumamosi nawahubiria wenzangu kwamba karatasi imepitwa na wakati. Mke wangu ameniona, akauliza kama kompyuta zote za dukani zimekufa. Nikamweleza kwamba kuna kazi kubwa msimu huu wa mvua na nataka kuiwekea kumbukumbu. "Vizuri," akasema. "Daftari halijizimi." Kisha akaniazima kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, maana yangu ilikuwa haiandiki.

Tuko watano. Tunakutana nyuma ya duka langu la fotokopi, Jumamosi saa kumi jioni. Fundi anatengeneza redio na simu, ana miaka sitini na minane, na haamini kitu ambacho hakifunguki kwa bisibisi. Hamira ni mwoka mikate. Tulimpa jina hilo kwa sababu habari ikipita mikononi mwake lazima iumuke. Mpimaji anapima viwanja na kuchora ramani, na ndiye pekee kati yetu, huyo mama, anayejua kuandika programu. Sisi wengine tunajua kuzisifu. Wa tano ni Shemeji, mdogo wa mke wangu, naye huniita hivyohivyo, opereta wa simu hospitalini kwa mwaka wa kumi na sita. Haoni tangu akiwa na miaka saba, na mbele ya masikio yake hakuna siri.

Mimi ni katibu, cheo nilichopewa kwa kuwa viti ni vyangu.

Utaratibu wetu ni huu: kila mtu alete habari moja ya kompyuta, zana moja na aibu moja. Zana lazima uwe umeitumia mwenyewe siku saba kabla ya kuisifu. Aibu ni kosa ulilolifanya wiki hiyo mbele ya mashine. Linaandikwa kwenye Daftari la Aibu, na hairuhusiwi kucheka mpaka mwenye aibu amalize. Mke wangu anatuita "wodi".

Leo Hamira ameleta habari ya watu walioweza kuendesha mchezo wa kompyuta ndani ya saa ya mkononi. "Ili iwe nini?" Fundi akauliza. Hamira akaongeza tu idadi ya watu. Zana yangu ilikuwa programu inayonakili mafaili yangu kwenye diski ya pili, yenyewe, kila saa. Faili likibadilika huku, linabadilika na kule. Nimeisifu robo saa nzima.

"Na ukikosea huku?" Fundi akauliza.

"Mimi sikosei."

Hamira akaomba neno hilo liandikwe kwenye Daftari la Aibu mapema, tuokoe muda.

Halafu Shemeji akasema lake. Anasomea stashahada ya sheria, na mtihani wa mwisho ameshaufanya na kuanguka mara mbili. Ofisi ya mitihani ilimpa mtu wa kumsomea maswali.

"Wa kwanza alisoma kama anakimbizwa," akasema. "Wa pili aliruka ukurasa mzima na hakuniambia. Nilijua nilipotoka nje, nawasikia wenzangu wanalalamikia swali la sita. Mimi sikuwa na swali la sita."

Kanuni inaruhusu mara tatu tu. Mtihani ni Mei 20. Chumba cha simu hospitalini kinafungwa mwisho wa mwaka, na wamemwahidi nafasi katika ofisi ya haki za wagonjwa, ila kwa sharti la stashahada hiyo. Safari hii ofisi ya mitihani imemkubalia kompyuta inayosoma kwa sauti, mradi isiguse mtandao na ikaguliwe wiki moja kabla.

Akatuwashia sauti aliyo nayo, ile isiyohitaji mtandao. Inasoma Kiswahili kama mgeni aliyefika jana na mdomo umejaa karanga. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema anaisikiliza saa tatu mfululizo na katika kila maneno matatu anapata mawili.

Mpimaji akasema inawezekana kuifundisha kompyuta sauti mpya. Zinahitajika sentensi elfu moja na mia mbili, mtu mmoja, zirekodiwe safi. "Sasa, sauti ya…"

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Shemeji alinyamaza kidogo. "Haya, Shemeji," akasema. Sikuelewa maana ya kule kunyamaza.

Machi 5

Nimetundika mablanketi matatu kwenye kuta za chumba cha nyuma. Mke wangu anauliza tutajifunika nini.

Machi 11, Jumatatu

Mvua ya kwanza imekuja na sentensi ya kwanza. Mabati ya duka langu, ambayo sijawahi kuyafikiria maishani, yamegeuka ngoma. Nimekaa mbele ya maikrofoni nikisubiri yanyamaze. Yakinyamaza, mimi nakohoa. Nikimaliza kukohoa, mabati yanaanza.

Sentensi amezichagua Shemeji mwenyewe kutoka kwenye masomo yake, ili kompyuta izoee maneno atakayokutana nayo. "Shahidi wa pili hakuwepo eneo la tukio." Nimeisoma mara tisa.

Sentensi 14.

Machi 12

Mvua. Sentensi 19.

Machi 16, Jumamosi

Aibu ya Fundi: alitumia nusu saa kutafuta simu ya mteja kwa kumulika chini ya meza na simu hiyohiyo. Tulivumilia mpaka akamaliza. Aibu yangu: nilisoma sentensi thelathini na mbili kwa ufasaha mkubwa, maikrofoni ikiwa haijachomekwa.

Sentensi 118.

Machi 20

Mke wangu amepita dukani akitoka shuleni, akasimama mlangoni akinisikiliza. Anafundisha darasa la nne.

"Unasoma kama unayemwita mtu ng'ambo ya barabara," akasema.

"Hii ni sauti ya kisheria."

"Hiyo ni sauti ya mnada. Sentensi ikiisha, iache iishe. Usiitupe."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mambo haya ni ya kitaalamu.

Machi 27

Mvua tangu asubuhi. Sentensi 0. Wateja 3, wote walikuja kujikinga.

Machi 30, Jumamosi

Mpimaji ameuliza tumefika wapi. Nikasema mia tano na kumi. Akauliza kama ni safi. Nikasema safi kabisa. Shemeji akageuza kichwa kidogo upande wangu, kama afanyavyo laini ya simu ikiwa na mkwaruzo.

Aprili 12, Ijumaa

Elfu moja na mia mbili! Nimetoka nje nikasimama kwenye manyunyu kama mshindi wa mbio. Muuza magazeti wa jirani akauliza kama nimefiwa.

Aprili 13, Jumamosi

Fundi alivaa vile visikilizio vyake vikubwa, akasikiliza sentensi arobaini akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Akavivua.

"Katibu, mvua imo."

"Imo wapi?"

"Imo kwa nyuma. Nusu ya hizi zina mvua. Ukimfundisha mtoto kusoma huku mvua inanyesha, atajua kusoma na kunyesha."

Mpimaji akakubaliana naye: zenye mvua zirudiwe. Ni kama mia sita. Nusu ya kazi ya mwezi mzima. Nikasema hakuna shida, kwa sauti ya mtu ambaye ana shida.

Aprili 14, Jumapili

Mchana huu nimepata mtandaoni zana ya ajabu. Inafuta kelele kwenye sauti na kuacha maneno matupu. Nimeijaribu kwenye sentensi tatu: mvua imetoweka kama haikuwahi kunyesha duniani! Utaratibu wa siku saba naujua, niliuandika mwenyewe kwa mkono wangu, lakini utaratibu uliwekwa kwa ajili ya zana za kawaida. Nimeipa zote elfu moja na mia mbili. Dakika ishirini na tano, kazi kwisha.

Jumamosi watanibeba mabegani.

Aprili 15, Jumatatu

Naandika haya nikiwa nimeufunga mlango wa chumba cha nyuma.

Nimesikiliza sentensi ya nne. Halafu ya kumi. Halafu ya mia tatu. Ile zana ilikula mvua, na ilipomaliza mvua ikaendelea kula. Kila kitu laini imekiondoa: pumzi, mwisho wa sentensi, sauti zote za taratibu. Maneno yanakatika kama mtu anayefungiwa mlango usoni. Na imeandika juu ya mafaili yaleyale ya mwanzo, kwa sababu dirisha la "hifadhi nakala pembeni" nililifunga bila kulisoma.

Nikakimbilia diski ya pili. Ile programu niliyoisifu robo saa ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu wote. Kila saa, yenyewe. Kilichoharibika huku, kimeharibika na kule.

Kati ya mafaili yote elfu moja na mia mbili, moja tu limenusurika bila jeraha: namba 417. Nilikuwa nimesahau kulifuta. Halina sentensi. Ni mimi, nakohoa. Zana iliyokula kila kitu ilishindwa na kikohozi changu.

Zimebaki siku thelathini na tano.

Aprili 16

Sijamwambia mtu.

Aprili 17

Mvua. Sijamwambia mtu.

Aprili 20, Jumamosi

Leo ilipofika zamu yangu ya aibu nilisema kwamba nilichapisha barua ya mteja kinyumenyume. Walicheka. Mpimaji akaomba mafaili ya sauti. Nikasema nayaweka sawa kidogo, Jumatatu atayapata. Fundi akanipa pole kwa kazi. Hamira alikuwa ameniletea mkate.

Miaka sita nimekuwa katibu wa Daftari la Aibu, na leo nimeliandikia uongo. Mkate sikuweza kuumaliza.

Aprili 22, Jumatatu

Saa nne asubuhi simu ya dukani ikalia.

"Hospitali hapa. Shemeji, ni mimi."

"Kuna mgonjwa?"

"Yuko. Wewe. Ile aibu ya Jumamosi haikuwa yako. Ulikuwa unaisoma. Na kusoma kwako nakujua, Shemeji, zimekuwa wiki tano."

Basi nikamwambia yote, tangu mvua mpaka diski ya pili. Nilipomaliza, laini nyingine ikalia mezani kwake. "Subiri," akasema, na nikasubiri, nikimsikia anamwelekeza mtu wodi ya watoto, polepole, kona kwa kona, kwa upole kana kwamba sikuwa nimemwambia chochote. Hakuna adhabu iliyowahi kuniuma kama ule upole.

Akarudi. "Zimebaki siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Waite wote. Leo, saa kumi na moja."

Walikuja wote, Hamira akiwa bado na aproni. Nikasimama na Daftari la Aibu mkononi, nikakata ule uongo wa Jumamosi kwa kalamu nyekundu, nikaandika ukweli huku nikiusoma. Walishika utaratibu, hakuna aliyecheka mpaka nikamaliza. Kisha Fundi akasema taratibu, "Mimi sikosei," akiigiza sauti yangu, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka, na nikagundua kwamba kwa wiki nzima sikuwa nimevuta pumzi mpaka chini.

Mpimaji peke yake hakucheka. "Nipeni sentensi safi kufikia Mei tano," akasema. "Baada ya hapo hata mkiniletea sauti ya malaika, sitawahi."

"Mvua hii?" nikasema. "Turekodi wapi?"

Hamira akakuna kichwa. Kila wiki tunamtania kwamba zana zake ni za kitoto. "Mimi nina ghala la unga," akasema. "Zege juu, zege chini, na magunia mpaka darini. Ukipiga kelele mle ndani magunia yanaimeza. Mke wangu akinigombeza huwa naenda kusimama humo."

Tukatazamana. Miaka sita tunatafuta zana mtandaoni, na chumba bora cha kurekodia mjini kilikuwa kinalala unga.

"Sawa," nikasema. "Kesho naanza upya."

"Shemeji," akasema Shemeji, "usikasirike. Sauti niliyoitaka tangu mwanzo ni ya Dada."

"Dada yupi?"

"Mke wako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulinyoosha mkono haraka mno. Nilisikia shati."

Tulimkuta mke wangu nyumbani anasahihisha madaftari. Nikaeleza, nikakwama, nikaeleza tena.

"Mimi?" akasema. "Kwenye wodi yenu?"

Shemeji akakaa karibu yake, akatafuta mkono wake juu ya meza. "Dada, unakumbuka nilipoacha kuona? Ulikuwa unanisomea vitabu vyako vya shule, hata vya hesabu. Ulikuwa unasema na nukta, unasema na mkato, ili nijue sentensi imekaaje. Kila nikisoma kitu kichwani mwangu mpaka leo, kinasomwa na wewe. Nikiingia chumba cha mtihani na sauti nyingine, natafsiri mara mbili."

Mke wangu aliifunika kalamu yake, akaifunua, akaifunika.

"Kesho baada ya vipindi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na asiingie mtu mwenye kikohozi."

Aprili 23

Miaka ishirini na miwili mke wangu amewasomea watoto imla, nami sikuwahi kuisikiliza hata moja. Leo amekaa kati ya magunia, nyuzi tisini wima, akasoma. Sentensi moja, mara moja. Haitupi. Anaiweka chini kama sahani. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya kung'oa miti, na ndani Fundi, visikilizio masikioni, aliinua kidole gumba.

Mimi nimepewa kazi ya mlangoni: kuzuia watu, mikokoteni na kikohozi changu mwenyewe.

Sentensi 131. Kwa saa moja na nusu!

Aprili 26

Sentensi 498. Hamira amesimamisha mashine ya kukandia kila siku saa tisa hadi kumi na moja. Wateja wakiuliza mikate, anawaambia kuna kesi inaendelea ndani.

Mei 1

Sentensi 940. Leo mke wangu ametoka ghalani kichwa kizima kimejaa unga, nywele nyeupe mpaka kwenye nyusi, hajui. Nikamwona jinsi atakavyokuwa akizeeka. Nikamwambia. Akauliza yukoje. Nikasema nasubiri kwa hamu. Akanipiga na karatasi za sentensi, lakini polepole.

Mei 3, Ijumaa

Elfu moja na mia mbili, siku mbili kabla. Fundi amezisikiliza zote. Amesema neno moja: "Kavu." Safari hii nakala nimeweka sehemu tatu, na hakuna hata moja inayojiendesha yenyewe.

Mei 8, Jumatano

Kompyuta ya Mpimaji, ile ya ramani, ina siku tatu inajifunza. Leo saa tano radi imepiga na umeme ukakatika mtaa mzima. Mpimaji alinipigia simu, sauti imemkauka: betri yake ya dharura inadumu dakika arobaini. Nilipofika nilimkuta Fundi ameshatangulia, akivuta mkokoteni wenye betri nane kuukuu za magari zilizofungwa pamoja kwa nyaya za redio.

"Hiyo ni salama?" Mpimaji akauliza.

"Inafunguka kwa bisibisi," Fundi akajibu, kama ndiyo jibu.

Umeme ulirudi saa kumi jioni. Kompyuta haikuzimika hata sekunde moja.

Mei 12, Jumapili

Tumekusanyika kwa Mpimaji, sita sasa, mke wangu akiwa amekaa karibu na dirisha na kusema yeye ni mgeni tu. Shemeji akamnong'oneza Mpimaji kitu cha kuandika, kitu ambacho mke wangu hakuwahi kukirekodi. Mpimaji akabonyeza.

"Funga mlango, mvua inaingia."

Hamira akainuka akafunga mlango.

Alikuwa ameshika kitasa alipogundua kwamba mke wangu hakufumbua mdomo. Sijawahi kusikia uwanja wa mpira ukipiga kelele kama tulivyopiga sisi wanne. Fundi alipiga meza. Mpimaji, ambaye huwa hacheki, alicheka huku anajifuta macho. Mke wangu alikuwa ameweka mkono kooni, kama anayehakikisha kwamba sauti yake bado ipo. Shemeji hakupiga kelele. Alikaa tu, uso umeinuka, akatabasamu kama mtu aliyefika nyumbani na kukuta taa… hapana, si taa. Amekuta kila kiti pale alipokiacha.

Kuanzia leo mpaka Jumamosi ni siku saba. Hata mtihani utaheshimu utaratibu wetu.

Mei 13, Jumatatu

Mkaguzi wa ofisi ya mitihani amekuja, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Ameipenda sauti, akaificha furaha yake. Kisha akachukua karatasi tatu, akaikunjakunja ya pili, akazipitisha kwenye skana. Kompyuta ikasoma ukurasa wa kwanza, ikaruka huo uliokunjwa, ikaendelea na wa tatu. Kimya, bila kusema lolote.

"Hivi ndivyo alivyofanya yule msomaji," mkaguzi akasema. Shemeji alikuwa ameshabadilika uso. "Ikishindwa kusoma ukurasa, ni lazima aambiwe. Nitarudi Ijumaa. Bila hivyo sitaweza kuidhinisha."

Mei 14

Mpimaji amesema kuweka ishara ni kazi ya saa moja. Ubishi wa ishara ipi umechukua saa mbili. Mlio? Shemeji amekataa: chumba cha mtihani kina saa, kina simu za wasimamizi, milio ni mingi. Maneno? Yatachanganyika na maneno ya mtihani.

"Nataka kitu ambacho hakifanani na kingine duniani," akasema.

Wote wakanigeukia, hata yeye asiyeona.

Faili namba 417.

Mei 17, Ijumaa

Mkaguzi amerudi na karatasi yake iliyokunjwa. Kompyuta ikasoma ukurasa wa kwanza, ikakohoa. Mkaguzi aliruka. Akaomba irudiwe. Akaomba tena mara ya tatu, nadhani hiyo ilikuwa kwa starehe zake. Ametia sahihi.

Mei 20, Jumatatu

Mvua imepumzika tangu alfajiri, kama nayo imekuja kusubiri matokeo. Tumekaa kwenye benchi nje ya chuo: mimi, Fundi, Hamira na Mpimaji. Mke wangu alikuwa na vipindi. Alimsindikiza mdogo wake mpaka getini, akamrekebisha kola, akasema, "Sikiliza mpaka nukta," akaondoka haraka.

Saa tatu mpaka saa sita. Hatukuongea habari wala zana. Fundi alifungua redio ndogo akaifunga, akaifungua akaifunga.

Saa sita na nusu akatoka, fimbo mkononi, hatua ndefu. Tukasimama.

"Karatasi ilikuwa na kurasa nane," akasema kabla hatujauliza. "Nikasoma, nikajibu. Dada anasoma vizuri, moja, mbili, tatu, nne. Nikafika wa tano. Akakohoa."

"Nani?"

"Wewe, Shemeji! Ulikohoa mle ndani kama uko chumba cha nyuma! Nikainua mkono. Msimamizi akaja, akatazama, akaniambia ukurasa wa tano uliingia kwenye skana ukiwa umekunjwa kona. Akaunyoosha, akaupitisha upya. Unajua kulikuwa na nini?"

Nadhani sote tulikuwa tumeshajua.

"Swali la sita," akasema.

Hamira alinikumbatia mpaka nikapungukiwa pumzi, na nikiwa mikononi mwake nikakohoa, na Shemeji akasema, "Hicho hicho!"

Mei 25, Jumamosi

Jua. Mabati yamekauka. Mke wangu amehudhuria mkutano akiwa na kiti chake mwenyewe. Aibu yake ya kwanza: Alhamisi alimkuta Shemeji anasikiliza kompyuta, akaigombeza kwa kutamka neno vibaya, kisha akakumbuka ni yeye. Tulisubiri amalize. Ilikuwa kazi ngumu.

Juni 15, Jumamosi

Mpimaji aliiweka sauti mtandaoni bure, yeyote asiyeona aichukue. Leo ametusomea ujumbe kutoka kwa kijana wa mbali tusiyemjua. Anashukuru, anasema sasa anasoma vitabu vyake mwenyewe. Mwisho ameandika: "Swali moja. Yule bwana anayekohoa amepona?"

"Mjibu," mke wangu akasema. "Mwambie ni mume wangu, na si mgonjwa. Ndivyo alivyo."

Juni 29, Jumamosi

Matokeo yalitoka jana. Shemeji aliichukua bahasha ofisini na hakumpa mtu yeyote aifungue. Aliileta kwenye mkutano ikiwa imebanwa kwapani. Tulipanga kila kitu kwa heshima: kompyuta katikati ya meza, skana pembeni, karatasi imenyooshwa na Hamira kwa viganja viwili kama unga. Fundi alikuwa ameleta betri zake, kwa tahadhari tu. Mpimaji akaweka kidole juu ya kitufe.

"Zima," akasema mke wangu.

"Mwalimu, tumeshatayarisha…"

"Zima hiyo mashine. Hii nitaisoma mwenyewe."

Akaichukua karatasi, akavaa miwani, akasimama wima kama mbele ya darasa. Akasoma jina la chuo, mkato. Jina la mdogo wake, mkato. Akafika mstari wa chini, akaupitia kwanza kwa macho. Sauti haikutetemeka. Aliigawa kama anavyowagawia watoto wa darasa la nne neno gumu, kipande kwa kipande, ili asiwepo atakayeachwa nyuma:

"A-me-fa-u-lu." Akapumua. "Daraja la kwanza." Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, kama alivyofundishwa. "Nukta."

Kabla kelele hazijaanza palikuwa na kimya kidogo, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia katika chumba hiki. Koo lilikuwa linaniwasha vibaya sana. Nilikibana kikohozi kwa nguvu zangu zote, maana safari hii hakuna ukurasa uliorukwa.